Makaa Chini ya Injini

Katika nyumba zetu kumi hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Balozi. Si balozi wa kupanda ndege na kukata utepe. Balozi wa nyumba kumi, yule unayemgongea mlango ng'ombe wa jirani akishakula mahindi yako. Ubalozi wenyewe aliuacha, tukamchagua mwingine, kijana mzuri tu. Lakini mpaka leo ukimtaja Balozi kijijini kwetu mtu atakuuliza: wa sasa, au mwenyewe?

Mimi namzungumzia mwenyewe. Alikozaliwa sikujui vizuri. Wapo waliosema katokea Ipelele, wapo waliobisha, naye hakuwahi kuwasaidia. Ninachokijua mimi ni jiko lake.

Lilikuwa jiko la bati, dogo, lenye mkono wa waya uliofungwa na kufungwa tena. Sisi tunakaa juu kabisa, upande wa Njombe unaokwenda Makete, na mwezi wa Juni ukishaingia, asubuhi unakuta barafu nyembamba juu ya majani ya viazi. Balozi alikwenda na jiko lake kila mahali. Alikwenda nalo msibani, akaliweka katikati ya wafiwa bila kusema neno. Alikwenda nalo kanisani, akaliacha nje karibu na mlango, na mchungaji akawa anashangaa mbona waumini wake wanatoka kujisaidia mara nyingi hivyo wakati wa mahubiri, kumbe wanaota moto. Alipogundua, naye akatoka akaota. Sukari ya Balozi usiiguse; ukizidisha kijiko kwenye chai yake utasikia habari zako wiki nzima. Ila makaa aliyagawa kama hana akili nzuri.

Na mtu aliyekula makaa yake kuliko wote ni mimi.

Mimi ni mwenye mashine ya kusaga. Injini yake ni ya dizeli, ya kuzungusha kwa hendeli, na asiyewahi kuzungusha dizeli asubuhi ya baridi asinisimulie habari za tabu. Unazungusha mpaka bega linakaribia kuchomoka, injini inakohoa mara moja, inanyamaza, na kina mama wamepanga ndoo zao wanakutazama. Siku moja nilikuwa hapo natokwa jasho kwenye barafu, natoa maneno ambayo sitayaandika, Balozi akapita.

"Unamtukana nani?"

"Injini hii, Balozi. Shikamoo."

"Marahaba. Ina baridi hiyo. Wewe ungeamshwa kwa kofi ungeamka?"

Akalisukuma jiko chini ya tumbo la injini, akageuza ndoo, akaikalia. Akaanza kuwauliza kina mama habari za watoto wao, taratibu, kana kwamba hakuna aliyekuja kusaga. Baada ya kitambo akaniambia, haya, jaribu. Ikawaka mara moja. Akachukua jiko lake akaenda zake.

Tangu hapo, kila asubuhi ya baridi, alikuja. Sikumwomba. Nilipomfungia unga kidogo wa shukrani aliukataa kwa ukali, akasema yeye si kibarua wa mtu. Kwa hiyo nikazoea, Mungu anisamehe, kama mtu anavyozoea jua kuchomoza. Miaka ikapita nikiwa nakunywa chai yangu ya pili ndani kwa sababu najua mwanamke mzima, tena mkubwa kwangu, yuko nje anapasha mashine yangu.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa mkali, na kushauriwa hakukubali. Aliwahi kubishana na kijiji kizima kuhusu siku ya mnada, akaenda peke yake na kuku wawili, akakuta uwanja mtupu, akarudi nao, na alipoulizwa akasema aliwapeleka kutembea. Alikuwa Mlutheri wa kweli, kilevi hagusi, lakini mianzi iliyotoa ulanzi mzuri kuliko yote pale kwetu ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Ukimuuliza, anasema mianzi haijui dhehebu la mwenye shamba.

Na alikuwa na swali lake. Ukipeleka kesi kwake atakusikiliza mpaka umalize, na ukishamtaja mkosaji, yeye hamtazami mkosaji. Anakutazama wewe, anasema, "Na nani mwingine?"

Nakumbuka kesi ya nguruwe aliyefukua viazi vya jirani yangu. Mwenye nguruwe alikuwa amekosa, hilo halikuwa na ubishi. Na nani mwingine? Ikatokea kwamba mwenye viazi mwenyewe alikuwa akichomoa vijiti vya uzio kwa ajili ya kuni. Na nani mwingine? Ikatokea kuna mtu alipita asubuhi ile, akamwona nguruwe shambani, akacheka akaendelea na safari. Mtu huyo ni mimi. Basi kosa likagawanywa mafungu matatu, kila mmoja akafukia sehemu yake ya mashimo kwa jembe, na jioni tukanywa ulanzi wa Balozi pamoja, yeye akinywa chai. Hakuna aliyeondoka pale akiwa mbaya peke yake. Wengine walilalamika kwamba ukipeleka kesi kwa Balozi huchelewi kuwa mshtakiwa, na ni kweli. Lakini walizidi kwenda.

Sasa nifike kwenye trekta.

Nyumba zetu kumi zilikuwa zinalima kwa jembe la mkono, kwenye milima inayokutaka ujishikilie kwa mkono wa pili. Tukakubaliana kila nyumba itenge viazi, misimu ikapita, tukawa na uwezo wa kununua trekta dogo. Huko Makambako, karibu na pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu, kulikuwa na muuzaji wa mitumba mwenye matrekta mawili ya ukubwa mmoja. Moja la dizeli, moja la petroli. Nikatumwa kuyaona, kwa kuwa eti mimi ndiye ninayejua injini, kisha tukakaa kikao mbele ya mashine yangu.

Dizeli lina nguvu ya mlimani, nikawaambia, na mafuta yake hayaishi upesi. Litavuta tela la viazi kwenye matope mpaka barabarani. Petroli ni jepesi, halipigi kelele, na kubwa zaidi, unazungusha ufunguo tu linawaka, hata kukiwa na barafu. Kule shambani mtu anataka kuanza kazi asubuhi, hataki kuanza kubembeleza.

Balozi akasema, "Mimi nasema dizeli. Sisi tunaishi mlimani. Asubuhi mtaniachia mimi."

Nikasimama mbele ya watu wote, nimejaa mapenzi na busara. Nikasema, "Balozi, umetupashia moto vya kutosha. Tuchukue petroli ili na wewe upumzike."

Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Mmenistaafisha."

Hilo neno, pumzika, nimelitafuna miaka yote hii. Mimi nilijua petroli ni nini. Nilipaswa kusema, Balozi, hili usilisogeze karibu na moto hata kidogo. Basi. Lakini utamwambiaje mtu mzima, aliyekupashia injini miaka yote, usije tena na jiko lako? Kwetu mkubwa humwambii usije. Unamwambia pumzika. Nikachagua neno la heshima, na ndani ya neno la heshima hatari haikuwemo.

Trekta likaja, tukalilaza kwenye kibanda cha mashine yangu, mgongo ukibaki nje ya bati. Lililima vizuri siku za mwanzo, watu wakaimba. Jioni moja nilipolifunika nikasikia harufu ya petroli, nikachungulia, nikaona kwenye kabureta kuna tone linalolengalenga. Nilikuwa nimechoka. Nikasema kesho nitakaza.

Asubuhi yake kulikuwa na barafu kuliko siku zote za msimu ule. Mimi nilikuwa ndani na chai yangu. Nikasikia mlipuko mdogo, kama mtu anakung'uta blanketi, kisha mke wangu akipiga kelele. Nilipotoka, trekta lote linawaka, na Balozi amepiga magoti anachota udongo kwa mikono miwili anautupa motoni. Nilimvuta kwa nguvu. Blanketi lake lilikuwa limeungua upande mmoja. Yeye, Mungu mkubwa, hakuungua. Tukaokoa mashine ya kusaga na nusu ya bati. Trekta likabaki chuma cheusi na harufu ya matairi.

Alisimama pale, uso umejaa masizi. Akaniambia neno moja tu: "Niliona lina barafu mgongoni."

Kikao cha jioni alikiitisha mwenyewe. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kukubali kwamba alikosea siku ya mnada, alisimama kabla hajaulizwa.

"Trekta nimelichoma mimi. Niliweka makaa. Nilijua ni la petroli. Nilidhani petroli ni dizeli isiyo na uvivu."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akajikaza. Mimi nilikuwa nasubiri lile swali. Jamani, nilisubiri. Lakini mwenye swali ndiye aliyekuwa amesimama mahali pa mshtakiwa, na sisi wengine hatukuwa na desturi ya kuuliza. Nikainuka.

"Balozi hana kosa hata kidogo," nikasema. "Kabureta ilikuwa inavuja na niliiona. Mimi ndiye niliyewashauri petroli. Mimi sikumweleza. Kosa lote ni langu."

Akanigeukia na macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake.

"Kaa chini, Mwenye Mashine. Usiniibie kosa langu."

Nikakaa. Kutoka nyuma mtu mmoja, kwa huruma kabisa, akasema, "Tumsamehe tu, jamani. Ni uzee." Na wote wakaitikia, ni uzee, ni uzee, wakapumua, maana kumsamehe bibi kizee ni kazi nyepesi. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Neno lile lilimwingia kuliko moto. Hapo hapo akasema ubalozi ameuacha, tutafute mwenye akili timamu. Viazi vilipokwisha kuvunwa, alikuwa ameshahamia Makambako kwa binti yake, anayepika chakula kwa madereva wa malori.

Tukarudi kwenye majembe ya mkono.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonitesa. Asubuhi za baridi nikawa nazungusha hendeli bila makaa. Mkaa ulikuwepo, jiko lilikuwepo la mke wangu, lakini sikuweka. Nilizungusha mpaka kiganja kikachubuka. Mke wangu akaniuliza, "Hivi unaiadhibu injini au unajiadhibu wewe?" Nikienda Makambako kufuata spea, nilikuwa nazunguka nyuma ya malori, kwenye matope na mikojo ya matingo, wale wasaidizi wa madereva, ili nisipite mbele ya banda la binti yake. Mwanaume mzima, najificha nyuma ya matairi. Nilimwona kwa mbali mara kadhaa, amejikunyata kwenye benchi, mikono kwapani. Nilipita.

Hivi majuzi nyumba kumi zikawa tena na uwezo wa trekta. Nilikataa kutumwa. Balozi wa sasa akasema, kwa adabu zake zote, "Baba, tumtume nani? Anayejua injini ni wewe." Nikaenda.

Safari hii nilipita mbele. Alikuwa kwenye benchi lile lile, ameshika kikombe. Amepungua, shingo imekuwa nyembamba, ila macho yale yale. Chini ya benchi niliona jiko la bati, mkono wake wa waya umeshika kutu. Lilikuwa limejaa vitunguu.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Kamwene," akaongeza salamu ya kikwetu. "Balozi si yule kijana wenu?" Akasogea, nikakaa. "Umechoka kuzunguka nyuma ya malori?"

Loo! Uso wangu ulipata moto. Kumbe alikuwa akiniona siku zote.

Nikamweleza nimetumwa trekta, na kwamba nimeshaamua, nitanunua la dizeli. Kama alivyotaka yeye. Nilishaipanga hotuba yote njiani, kwamba ni kwa heshima yake, kwamba nyumba kumi hazijasahau. Hakuniacha nifike mbali.

"Kwa hiyo nyumba kumi zilime kwa toba yako?"

"Siyo hivyo, mama."

"Ni hivyo. Na kama dizeli lenyewe ni bovu? Trekta linanunuliwa kwa ajili ya mlima. Twende tukalione."

Tukaenda, taratibu, amenishika mkono wakati wa kuvuka barabara. Muuzaji alikuwa na matrekta matatu. Mimi nikakagua oili, hosi, kabureta za yale ya petroli, hata visivyohitaji kukaguliwa. Balozi aliuliza maswali yake: lina tela? Likiwa na tela limejaa viazi na mvua imenyesha, linapanda? Lilishawahi kupanda, au unatuambia tu? Muuzaji alipoona tunasogelea la dizeli akambembeleza Balozi kurudi upande wa pili.

"Mama, chukueni hili la petroli. Rahisi sana. Hata wewe mwenyewe unaliwasha."

"La namna hiyo nimeshaliwasha moja," Balozi akajibu.

Muuzaji akafurahi, akasema unaona basi! Mimi nikageukia ukuta. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka nikashindwa kuyazuia, hata kicheko kilipokwisha. Balozi alinisubiri. Kisha akakaa juu ya tairi kuukuu, akanionyesha tairi jingine.

"Siku ile kwenye kikao ulisema nini?"

"Nilisema kosa ni langu."

"Ulisema lote. Ulitaka kubeba lote, kama wanunuzi wa viazi na lumbesa zao, mpaka gunia linapasuka. Ukibeba lote, mimi nabaki na nini? Nabaki mtoto. Nabaki kichaa. Wewe ukaninyang'anya huku, na wale wakaninyang'anya kule na uzee wao." Akavuta khanga begani. "Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aulize. Hamkuuliza."

"Nilisubiri na mimi," nikasema.

"Basi nauliza sasa. Aliyechoma trekta nani?"

Nikaona anachokitaka. Nilimtazama mwanamke huyu aliyekaa kwenye ndoo miaka yote hiyo kwa ajili yangu, na nikatakiwa nifungue mdomo nimwambie.

"Wewe, Balozi. Uliweka makaa kwenye petroli. Hukuuliza mtu. Ulikosea."

Akafumba macho. Nilidhani nimemuumiza. Kumbe alikuwa anapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo kichwani.

"Sasa ndiyo umeniheshimu," akasema. "Na nani mwingine?"

"Mimi. Niliona petroli inavuja nikaenda kulala. Na nilikwambia upumzike, nikaogopa kukwambia kwa nini."

"Hilo ndilo fungu lako. Lako ni hilo tu, usiongeze." Akainuka kwa kushika bega langu. "Dizeli ni zuri. Litapanda. Asubuhi za barafu utakuwa unalipasha wewe, na injini yako pia, uache kujichubua viganja kama mwehu. Fungu langu nitalilipa huko huko kijijini. Nitakaa nao, niwaambie mimi sikuwa mzee siku ile. Nilikuwa mbishi."

Sikujua kama anatania. Tuliporudi kwa binti yake akaingia ndani, akatoka amevaa sweta mbili, na kwa mikono yake mwenyewe akamimina vitunguu kwenye karai. Binti alilalamika kuhusu kifua cha mama yake na baridi ya kule juu. Balozi akamwambia atarudi, akamwambia pia asiguse sukari yake.

Trekta likapakiwa kwenye lori linalokwenda Njombe. Dereva akamsaidia kupanda, akaketi katikati yetu, jiko kwenye mapaja. Dereva alipotaka kuwasha gari, Balozi akamshika mkono.

"Baba, gari lako hili ni la petroli au dizeli?"

"Dizeli, bibi. Kwa nini?"

"Nauliza tu," akasema. Akaligeuza jiko, akalikung'uta dirishani, likatoka ganda moja la kitunguu. Jiko halikuwa na hata chembe ya majivu.